Kadi ya Mchango Ikifika Nyumbani: Mwongozo kwa Mzazi wa Shule ya Kibinafsi

Katikati ya muhula, karo ikiwa imekwisha kulipwa na mzazi ameanza kupumua, kadi ya mchango hufika nyumbani ikiwa imekunjwa ndani ya shajara ya mtoto. Kwa kawaida huwa ni karatasi ngumu yenye nembo ya shule, maneno machache ya kuwashukuru wazazi kwa ushirikiano wao, kiasi ambacho kila familia "inaombwa kwa unyenyekevu" kufikisha, na chini yake mistari mitupu ya jina, kiasi na sahihi, ili mtoto aipitishe kwa majirani, kanisani na kwa wafanyakazi wenzake babake. Wazazi wenye watoto katika shule za kibinafsi za Nakuru, Kisumu, Kakamega na Bungoma wanaijua kadi hii vyema: mwaka huu ni ya basi, mwaka uliopita ilikuwa ya ukuta, na kabla ya hapo ilikuwa ya tangi la maji. Mwongozo huu unahusu yale ya kufanya tangu siku kadi inapofika hadi siku unapoirudisha, na nguzo yake ni swali moja ambalo wazazi wengi huona haya kuliuliza mkutanoni, nalo ni kwamba kitu kitakachonunuliwa kwa pesa hizi kitakuwa mali ya nani.

Jua kwanza kama ni karo au ni mchango

Shule ya kibinafsi haipati mgao wa serikali kama ule wa Sh22,244 kwa mwaka unaotengewa kila mwanafunzi wa shule ya upili ya umma ya kutwa, kwa hivyo si ajabu ikiwategemea wazazi kwa kila kitu. Njia ya haki ya kuwategemea ni karo. Mkataba wako na shule ni barua ya kumpokea mtoto pamoja na orodha ya karo uliyopewa siku ya kumsajili. Kilichoandikwa humo unadaiwa, na kisichoandikwa humo hudaiwi mpaka ukubali mwenyewe. Itafute karatasi hiyo popote ulipoiweka, uisome sambamba na kadi. Kuna shule ambazo tayari hutoza "pesa za maendeleo" kila muhula, na mzazi anayezilipa kisha akaletewa kadi ya harambee ya madarasa ana kila sababu ya kuuliza pesa za maendeleo zimejenga nini.

Hapa pana kosa la kisheria ambalo husikika sana katika mikutano. Kifungu cha 29 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinakataza karo ya masomo na kinasema kwamba ada nyingine zitozwe kwa idhini ya Waziri wa Elimu tu, tena mtoto asizuiliwe kuhudhuria masomo kwa kukosa kuzilipa. Maneno hayo yanahusu shule za umma. Mzazi anayeinuka katika ukumbi wa shule ya kibinafsi na kukinukuu kifungu hicho humpa mkurugenzi nafasi ya kumjibu kwa tabasamu na kuendelea na ajenda. Ni afadhali utegemee mkataba wako, Sheria ya Kuwalinda Watumiaji Bidhaa ya 2012, na Kipengele cha 46 cha Katiba ya 2010, kinachompa anayelipia huduma haki ya kupata taarifa anazohitaji ili anufaike nayo ipasavyo.

Kipimo chepesi ni hiki: uliza ni nini kitakachompata mtoto iwapo kadi itarudi bila kitu. Ikiwa jibu ni kwamba hatafanya mtihani, hatapanda basi au hatapewa ripoti yake, basi kinachoombwa ni karo iliyovishwa kanzu ya harambee. Usigombane na mwalimu wa darasa, kwa maana yeye ametumwa tu. Mwandikie mkuu wa shule ukiomba kwamba kiasi hicho kiingizwe katika orodha ya karo ya mwaka unaofuata, ili kila mzazi anayemsajili mtoto akijue mapema na kukilinganisha na shule nyingine. Na ikiwa jibu ni kwamba hakuna litakalompata, basi huo ni mchango wa hiari, na unaweza kuupima kama unavyopima mchango mwingine wowote.

Mali itakuwa ya nani

Harambee ina heshima kubwa nchini kwa sababu ya kazi iliyofanya. Baada ya Jomo Kenyatta kuihimiza mwaka wa 1963, wanakijiji walijenga shule za upili kwa michango yao, na huku magharibi hawakuishia kwenye shule. Chuo cha Ramogi jijini Kisumu, na kile cha WECO mjini Kakamega ambacho ndicho chimbuko la Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, vyote viliinuliwa na michango ya wananchi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Wazee waliouza kuku na ng'ombe walichangia mali ambayo ilibaki ya jamii, na hatimaye ikawa ya umma. Harambee ya shule ya kibinafsi hutumia wimbo uleule na viti vilevile vya plastiki chini ya hema, lakini mali inayopatikana huenda ikawa ya mtu mmoja na mkewe.

Kwa hiyo tambua shule yako ni ya aina gani. Shule inayomilikiwa na kanisa, iwe ya dayosisi ya Kikatoliki au ya Kianglikana, ya Waadventista au ya Friends, kwa kawaida hukaa juu ya ardhi iliyo mikononi mwa wadhamini waliosajiliwa, hivyo darasa utakalosaidia kujenga litabaki la kanisa hata mwalimu mkuu akihamishwa. Shule ya wakfu au ya jumuiya iko karibu na hali hiyo. Shule ya kampuni ina wenye hisa. Shule ya mtu binafsi ni biashara yake kama vile duka la vifaa vya ujenzi lilivyo biashara ya mwenyewe, ingawa yeye huitwa mkurugenzi na tunasimama anapoingia.

Kupata ukweli huu si kazi ngumu. Taarifa za kampuni, zikiwemo za wakurugenzi na wenye hisa, hupatikana kwa kuomba utafutaji rasmi katika Huduma ya Usajili wa Biashara kupitia eCitizen kwa ada ndogo. Ukiwa na nambari ya ploti, masijala ya ardhi itakuonyesha hatimiliki ni ya nani. Kuhusu basi, uliza litasajiliwa NTSA kwa jina gani. Njia fupi kuliko zote ni kumuuliza mkuu wa shule kwa adabu mbele ya wazazi wengine, kwa mfano: "Mwalimu, tunashukuru kwa mpango huu. Tungependa kujua basi litaandikishwa kwa jina la nani, na shule ikiuzwa litakwenda wapi." Asiye na la kuficha hulijibu swali hilo kwa sentensi moja. Ukijibiwa kwa hotuba ndefu kuhusu imani na maono, hilo nalo ni jibu.

Tufanye hesabu ya kukisia. Tuseme shule ina familia 300 na kila moja imeombwa Sh5,000 za basi. Zikitimia ni Sh1,500,000. Januari inafika, basi limeletwa, limepakwa rangi ya manjano na kuombewa, na mzazi anayekaa Kiamunyi au Mamboleo anaambiwa kwamba nauli ya mtoto ni Sh9,000 kwa muhula. Amelinunua basi, sasa analikodi. Miaka michache baadaye shule inauziwa mtu mwingine pamoja na basi lake, na hakuna mzazi anayepigiwa simu kuja kuchukua fungu lake. Mwenye matatu wa laini ya Kondele anapotaka gari la pili huenda kwa sacco yake au benki akakopa. Kwa maoni yangu mwenye shule anayetaka basi la biashara yake anafaa kupanga foleni iyo hiyo. Ni kweli kwamba riba ni kubwa, na ni kweli pia kwamba mkopo huo utarudi kwetu ndani ya karo. Lakini karo ni bei iliyo wazi, na mzazi anaweza kuikubali au kuikataa kabla ya kumhamisha mtoto.

Hayo hayamaanishi kwamba ukatae moja kwa moja. Mtoto anayesafiri kila asubuhi katika gari la watu saba lililopakia kumi na watano atafaidika na basi zuri, liwe la nani. Yanamaanisha kwamba una nafasi ya kujadiliana. Wazazi wakiwa pamoja wanaweza kupendekeza kwamba kila kilichochangwa kihesabiwe kuwa malipo ya mapema ya nauli, kikatwe kidogo kidogo kwa mihula kadhaa. Au kwamba pesa ziwe mkopo kwa shule, wenye tarehe ya kulipwa. Au kwamba nauli isipandishwe kwa muda fulani. Lolote litakalokubaliwa liandikwe katika kumbukumbu za mkutano, litiwe sahihi na mkurugenzi mwenyewe, na kila darasa lipate nakala. Ahadi iliyotolewa kwenye kipaza sauti haina thamani baada ya hema kukunjwa.

Kuna michango ambayo nisingeiulizia sana. Mwanafunzi amefiwa na mzazi aliyekuwa akimlipia, bweni limeungua, au mwalimu amelazwa na bili imepanda: katika hayo mfaidi ni mtu unayemjua, na swali la mali halipo. Ulizia tu ni nani anayeshika pesa.

Amua kiasi ukiwa nyumbani

Kiasi kiamuliwe mezani, na wote wanaolipa karo wakiwepo, kabla ya mkutano na kabla ya kufungua simu. Utaratibu ninaoupendekeza ni kutenga fungu moja la mwaka kwa michango yote ya shule, pamoja na gauni za mahafali ya PP2, zawadi ya mwalimu, tiketi za bahati nasibu na matembezi ya hisani, na fungu likiisha, limeisha. Lisitoke katika karo ya muhula unaofuata, na lisitoke Fuliza, kwa maana mchango wa kukopa huendelea kudai wakati waliopigiwa makofi wamekwisha sahau.

Zingatia pia msimu wa mapato yako. Mkulima wa majani chai wa Nandi au Vihiga anayeuza kupitia KTDA hupata bonasi Oktoba. Wa mahindi kule Trans Nzoia huvuna mwishoni mwa mwaka. Wa miwa hungoja malipo ambayo hayana tarehe ya kuaminika. Mfanyakazi wa shamba la maua Naivasha ana mshahara wa mwezi, na mwenye kibanda cha Kibuye anahesabu siku kwa siku. Harambee ya Februari huwakuta karibu wote hawa mikono mitupu. Hakuna aibu kumwandikia mwalimu kwamba familia yako itatoa mwezi wa Oktoba, mradi usitaje kiasi ambacho hujakiona.

Wenye watoto wawili au watatu katika shule moja waliseme hili mapema: familia moja, kadi moja. Shule nyingi hukubali zikiambiwa, ila haziambiwi.

Siku yenyewe

Harambee hupangwa ili kutoa kuwe rahisi kuliko kukaa kimya. Mfawidhi humwita kwanza mgeni wa heshima, ambaye bahasha yake hutangazwa kwa sauti, halafu rafiki za mgeni, kisha darasa baada ya darasa. Wazazi wa darasa la nne wakifikisha kiasi fulani, wa darasa la tano wanaulizwa kama watakubali kushindwa. Baadaye analetwa jogoo aliyefungwa miguu kwa kamba ya katani, au keki iliyookwa na mama mmoja wa kamati. Mnada huu una kanuni yake, na mgeni asipoijua huumia: katika harambee nyingi kila anayetaja bei hutoa pesa zake papo hapo, ampate jogoo au asimpate. Mmoja hutoa Sh500 ili jogoo aende kwa mwalimu mkuu, mwingine hutoa Sh500 ili arudi kwa padri, na jogoo wa Sh1,000 huweza kuingiza mara ishirini ya bei yake kabla hajaondoka hemani. Ni burudani nzuri kwa mwenye nazo. Kama huna, piga makofi.

Njia ya kujikinga ni kulipa kabla ya siku hiyo kupitia akaunti au Paybill ya shule na kuja na risiti mfukoni. Darasa lako likiitwa, simama na wenzako na useme kwamba umekwisha kutoa. Epuka ahadi. Ahadi huandikwa katika daftari, husomwa tena katika mkutano unaofuata, na mzazi mwenye ahadi isiyolipwa huanza kuikwepa ofisi ya shule hata anapokuwa na shida halali ya mtoto wake.

Kuhusu mgeni wa heshima mwenye cheo serikalini, Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya 2003, iliyofutwa mwaka wa 2025, ilimkataza afisa wa umma kutumia cheo chake kuchangisha harambee, na Julai 2024 Rais William Ruto alitangaza kwamba maafisa wa serikali wasishiriki harambee. Kamati inayotegemea kigogo mmoja aje amalize kazi ijiulize itafanya nini asipokuja.

Orodha ya WhatsApp

Siku hizi shinikizo kubwa limehamia kwenye kundi la darasa. Mtu anaanzisha orodha, Mama Brian 2,000, Baba Faith 3,000, kila mmoja anainakili na kuongeza lake chini, na kufikia saa tatu usiku wasioonekana wanajulikana kwa kutoonekana. Mara nyingi anayeanza huwa na uwezo na nia njema, wala hajui kwamba ameweka kima cha chini kwa watu arobaini. Ukiwa wewe ndiye mwakilishi wa darasa, omba kila mzazi atume moja kwa moja kwa shule, nawe utangaze jumla tu bila majina wala viwango. Utashangaa jinsi malalamiko ya faraghani yanavyopungua.

Ukiwa mzazi wa kawaida, usijieleze kundini. Maelezo ya hali ya nyumbani huzaa maswali, na pengine huruma usiyoitaka. Mwandikie mwalimu wa darasa peke yake, kwa maneno kama haya: "Habari ya jioni, Mwalimu. Kadi ya harambee imetufikia. Familia yetu itatoa Sh2,000 kwa ajili ya watoto wote wawili, na tutatuma kwa Paybill ya shule kufikia tarehe 15. Tunaomba watoto wasipewe kadi nyingine ya shughuli hii. Asante kwa kazi yako." Ujumbe huo una kiasi, tarehe na mwisho. Asiyeweza kutoa chochote aandike kwamba muhula huu familia haitaweza, amshukuru mwalimu, na asiongeze neno.

Mtoto asiwe mdai

Kuna walimu wanaosoma majina ya wasiorudisha kadi, au kuyaandika pembeni mwa ubao, na kuna shule zinazotoa peremende kwa darasa la kwanza kumaliza. Mtoto wa miaka minane hajui riba wala bajeti. Anajua tu kwamba ameketi alipo na wenzake wamesimama. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi kinakataza kumfanyia mwanafunzi jambo la kumdhalilisha, la kimwili au la kisaikolojia. Anza kwa kuzungumza na mwalimu, kisha mwandikie mkuu wa shule ukitaja siku na maneno yaliyosemwa, na usipojibiwa peleka nakala kwa afisa wa elimu wa kaunti ndogo. Nyumbani, mwambie mtoto wazi kwamba kadi ni barua ya wazazi na kwamba mmekwisha kuijibu. Usimtume mlango kwa mlango jioni na karatasi yenye pesa.

Picha ni jambo jingine. Shule hupenda kuweka nyuso za watoto kwenye mabango ya harambee na kurasa zake za Facebook. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahitaji idhini ya mzazi, na mwaka wa 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini hiyo. Ukiombwa idhini, soma kama inahusu kuchangisha pesa.

Kulipa na kufuatilia

Lipa kwenye akaunti iliyo kwa jina la shule. M-Pesa huonyesha jina la mpokeaji kabla malipo hayajakamilika. Ukiona jina la mtu binafsi, awe mweka hazina au mkurugenzi, simama uulize kabla ya kuendelea. Andika jina la mtoto pamoja na neno "harambee" kwenye nafasi ya akaunti, kwa kuwa pesa zisizo na maelezo huingizwa kwenye karo, na nyakati nyingine kinyume chake. Hifadhi ujumbe, kisha dai risiti ya shule.

Hesabu ziulizwe katika mkutano wa kwanza baada ya harambee: kiasi kilichopatikana, gharama ya hema, chakula na mfawidhi, kiasi kilichobaki, na kiko wapi sasa. Swali la gharama lisirukwe, maana zipo harambee ambazo sehemu nzuri ya mapato huishia kwenye pilau na soda za wageni. Ikiwa mradi haukutimia, uliza kama pesa zimewekwa au zimehamishiwa kwingine, na kwa uamuzi wa nani.

Na kwa mzazi ambaye bado anatafuta shule, maswali haya yote huulizika kwa urahisi zaidi kabla ya kulipa pesa za usajili, wakati mkurugenzi bado anakutaka. Pamoja na orodha ya karo, mwombe akuandikie kila mchango ambao wazazi waliombwa mwaka uliotangulia, kiasi chake, na kama ulikuwa wa lazima. Kisha, ukitoka nje, mngojee mzazi mmoja langoni saa tisa na nusu watoto wanapochukuliwa, umuulize swali hilohilo, ulinganishe majibu.